Gramu Mia Nne za Mkono wa Kushoto

14 Januari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Kuna sauti moja niliyoisikia nikiwa na miaka saba, nyuma ya mlango wa karakana yako, siku baba aliponileta kuchukua viti. Vuu, halafu kimya, halafu vuu tena. Nilichungulia nikakuona unazungusha marungu mawili ya mazoezi, nikaelewa kwamba kile kimya ni pale yanapopita nyuma ya kichwa chako, mahali ambapo wewe mwenyewe huyaoni. Nimekaa na kile kimya miaka kumi na tisa.

Habari za huku ni za wastani. Mimi bado niko kiwandani, nasahihisha vitabu vya shule kabla havijachapwa. Wiki nzima nimeshinda na kitabu cha hesabu ambacho jibu la swali la tano ni kosa, na mwandishi wake hataki kuambiwa. Mkaza mjomba nisalimie sana. Najua masikio yako yameliwa na mashine ya kukereza na simu kwako ni kelele tu, ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Mama alipata kiharusi mwezi wa Novemba, upande wa kushoto. Maneno yamerudi yote, na ukali ulirudi kabla ya maneno. Mkono na mguu bado. Namnyanyua mara tano kwa siku: kitanda, kiti, choo, kiti, kitanda. Mchana jirani anakaa naye. Mgongo wangu umekwisha. Shangazi, dada yake marehemu baba, amenipa hadi mwisho wa Juni. Akinikuta bado nahema kama nimekimbizwa, atamchukua kwake. Kwake mama atalazwa chumba cha nyuma, watu wote watakwenda kazini, na mlango utafungwa kwa nje. Mama anajua. Anasema "sawa" kwa sauti ninayoichukia.

Hataki ujue. Hakuiti kaka, wala jina lako halitaji. Anasema "mtu yule". Sikuulizi kwa nini, nimeshachoka kuuliza huku. Ninachotaka ni kitu kimoja: nifundishe marungu, nipate mgongo na mabega ya kumbeba. Nimekuta mawili chini ya kitanda chake, yamefungwa kwenye kipande cha shuka. Ni kazi ya mkono wako, naijua. Nianzeje?

Mpwa wako,
Kiroboto


9 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimekaa chini. Huku tu wazima. Mkaza mjomba wako anasema umekonda. Nikamwambia hujamwona, akasema mwandiko umekonda.

Pole, mwanangu. Mwambie mama yako… Basi, usimwambie kitu.

Hayo marungu uliyoyakuta yarudishe yalipokuwa. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, ijaze maji, funga kizibo vizuri. Hilo ndilo rungu lako la kwanza. Usicheke.

Kabla ya yote, geuka uangalie nyuma yako. Kila mara, hata kama umeangalia sasa hivi.

Halafu simama, miguu itanuke kama upana wa mabega. Shika kama unavyoshika mkono wa mtoto mnapovuka barabara: asichomoke, asilie. Kiganja na mkono viwe mstari mmoja, kifundo kisikunjike. Bembea mbele na nyuma kando ya paja, pole pole, kama kengele. Ni chupa ndiyo inayokwenda, wewe unaisindikiza. Ukiona mgongo umejipinda kuifuata, au umebana pumzi, ujue umeshaanza kupigana nayo, na hapo utashindwa wewe. Kumi kulia, kumi kushoto. Acha ukiwa bado una hamu. Siku tatu kwa wiki, siku nyingine pumzika kweli, si kupumzika kwa mdomo.

Mwezi huu wote ni hivyo tu. Mambo ya kupitisha nyuma ya kichwa bado sana. Watu wengi niliowafundisha wameumia kwa haraka ya wiki ya pili.

Na geuka uangalie nyuma.

Mjomba wako


26 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na nisamehe nitakayoyasema.

Nimeomba mwalimu nikapewa chupa ya maji. Nina miezi minne, Mjomba, na wewe unanipa mwezi mzima wa kubembea kama kengele! Mama ana kilo sitini na mbili. Chupa ina moja.

Nilijaribu siku nne. Siku ya tano nikayatoa marungu. Mama aliniona nikiyafungua. Akageuza uso ukutani hadi jioni. Chumba chetu ni hatua nne kwa hatua tatu na nusu. Nyuma yangu kuna kabati na kitanda chake, sasa unataka nigeuke niangalie nini? Huo ushauri umeuandika mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Ungekuwa mwandishi wangu ningekukatia mmoja.

Lakini nimekusikiliza kwenye mengine. Sibani pumzi. Kifundo hakikunjiki. Na nina habari njema: mkono wangu wa kushoto, ambao tangu shule haukuwahi kurusha hata jiwe likafika, sasa unabembea rungu mara thelathini bila kutetemeka. Wa kulia unachoka kwenye kumi na nane. Nimejigundua nina mkono wa kushoto wa ajabu. Nilimwambia mama, akacheka kicheko kifupi kibaya, akasema, "Endelea kujisifu."

Yeye mwenyewe hafanyi kitu. Tabibu wa viungo alimletea mpira laini wa kuminya, akamwambia wazi kwamba mkono usipoanza kazi miezi hii utakufa kabisa. Mama akamsubiri atoke, akautupa mpira kwenye pipa la taka. Kwa mkono wa kulia. Hakukosea shabaha.

Niambie namna ya kupitisha nyuma ya kichwa. Tafadhali.

Kiroboto


30 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Kazi ni nyingi, miguu ya vitanda sabini ya bweni moja. Wazima wote.

Yarudishe chini ya kitanda. Chukua chupa. Geuka uangalie nyuma.

Mjomba


8 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimengoja wiki tano, na ulichonijibu ningeweza kukiandika nyuma ya tiketi.

Jumatano nilibeba marungu kwenda nayo kiwandani ndani ya mfuko wa vitabu. Stoo yetu ina mizani ya vifurushi, inasoma hadi gramu tano. La kulia: kilo moja na gramu mia tisa. La kushoto: kilo moja na mia tano. Mtunza stoo akaniuliza, "Dada, unauza kuni?" Sikuweza hata kucheka. Nina mkono wa kushoto wa ajabu, eti. Nimejisifu mbele ya mama, nimejisifu kwako, na wewe ulikuwa unajua! Mtu anayekereza miguu ya vitanda sabini isitofautiane unene wa unywele hawezi kukosea gramu mia nne. Halafu nikaona kizibo cha mbao kwenye kitako cha lile jepesi, kimepigwa msasa hadi kionekane kama si kizibo. Ndani kuna nini? Kwa nini moja tu?

Kazi yangu ni kutafuta makosa ya watu wengine, na hili sikuliona kwa wiki saba, nikiwa nimelishika mkononi.

Kuna la pili. Jana nilijifundisha mwenyewe kupitisha nyuma ya kichwa, kwa kuwa wewe hutaki. Mara ya tatu rungu likanivuta, likagonga mlango wa kabati, shubiri mbili kutoka kichwa cha mama. Ubao umepasuka. Mama hakupiga kelele. Alisema, "Ukoo mzima hamjui kugeuka."

Nikamuuliza, "Nani mwingine?"

"Muulize huyo mtu unayemwandikia. Unadhani bahasha sizioni? Nimepooza mkono, sikupooza macho."

Kwa hiyo nakuuliza. Na usinijibu habari za chupa.

Mpwa wako


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Mkaza mjomba alimpigia jirani yetu simu kuuliza kama tupo, kwa hiyo najua u hai na barua umeipata.

Nimerudi kwenye chupa, kama itakufurahisha. Mkono mmoja mmoja, pole pole, naangalia nyuma kila mara. Mgongo hauumi tena kama zamani. Nakuambia hili kwa sababu ni kweli. Hasira zangu hazijapoa.

Nina jambo ambalo sikutaka kuliandika. Tarehe tatu nilimdondosha mama. Nilikuwa namtoa kitini, akili yangu iko kwenye barua ambayo haikuja, nikamshika upande usiofaa, akanipita mikononi. Kichwa kiligonga sakafu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyebisha hodi mara moja akaghairi.

Hakuvunjika. Lakini shangazi alikuja, akaona uvimbe, akauliza kulikoni. Na mimi, msomi mzima, nikasema, "Aliteleza." Shangazi akamgeukia mama. Mama akasema, "Ndiyo, niliteleza," huku ananiangalia mimi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaangalia kama mtu aliyefungua kitabu akakuta ukurasa aliokwisha kuusoma. Tangu siku ile hanisemeshi ila kwa lazima, na hata uji anakula kwa kuwa tu umewekwa mbele yake.

Sijui nimefanya nini kikubwa kuliko kumdondosha. Kama unajua, na unanyamaza, basi mimi na wewe hatuna la kuandikiana tena.

Shangazi anakuja na gari tarehe thelathini Juni.


7 Juni

Kiroboto, mwanangu,

Nimeanza barua hii mara sita. Mkaza mjomba wako amezikuta tano kwenye takataka za karakana, akasema safari hii haondoki mlangoni mpaka nimalize. Amesimama hapo sasa hivi na ufagio.

Baba yetu alikuwa na rungu moja la mazoezi, zito, alilirithi kwa baba yake. Tulikatazwa kuligusa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, mama yako kumi. Siku moja wazee hawapo nikalichukua, nikaanza kulizungusha uani nijione mwanaume. Sikugeuka. Alikuwa nyuma yangu, amekuja kuniambia chakula tayari. Likampata bega la kushoto.

Wazee waliporudi nikasema alianguka kutoka juu ya ukuta. Wakamuuliza yeye, akasema, "Ndiyo, nilianguka." Aliniangalia. Ninajua alivyokuangalia wewe, huna haja ya kunieleza.

Bega liliunga vibaya. Mkono ukawa mwembamba. Nilipoingia kwa fundi kujifunza kukereza, kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa hayo marungu. La kulia nililifanya zito, la mtu mzima. La kushoto nikalitoboa ndani, likawa tupu, ili mkono wake uliweze. Kila mwezi nilikata kipande cha madini ya risasi, duara kama kifungo cha koti, gramu hamsini, nikakitia ndani na pamba visigonge, nikaziba. Hivyo mkono ulikuwa unaongezewa bila kushtuka. Vimo kumi na sita. Vilibaki vinane ili marungu yalingane. Hizo ndizo gramu zako mia nne, wala si kosa la fundi.

Mwezi wa kumi na saba akalishika rungu, hakunipa. Akasema, "Kabla hujaongeza kingine, waambie." Nikamwambia, "Dada, mambo yenyewe ya zamani, mkono si unapona?" Akayafunga kwenye shuka. Mwaka uliofuata akaolewa, akayachukua. Wazee wamekufa wote wakijua alianguka ukutani, na mama yetu alikuwa anamsimanga mpaka mwisho kwamba ni mtoto wa kupanda panda.

Nimefundisha watu arobaini kuzungusha marungu. Wote nimewaambia wageuke waangalie nyuma. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, ila wewe.

Nilimpiga mimi. Mwonyeshe barua hii, au usimwonyeshe, utakavyoona. Kile kizibo usikifungue mwenyewe, utalipasua.

Mjomba wako


1 Julai

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na safari hii siandiki hivyo kwa adabu.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane. Nilikasirika nikiisoma, nakwambia ukweli. Nilikasirika kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi, na kwa bibi kufa anamsimanga, na kwa wiki zangu zote za kushika rungu la mtu mwingine nikidhani ni nguvu zangu. Halafu nikakumbuka "aliteleza", hasira ikanigeukia mwenyewe.

Nilimsomea mama. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale." Nikauliza pale wapi. "Unajua." Nikasoma, "Nilimpiga mimi." Akataka tena. Mara ya tatu akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Miaka yote hii, na mwandiko wake bado kama kuku amepita." Akaniambia nilete lile jepesi.

Halikuweza kushikika. Likamtoka, likaanguka mapajani. Kilo moja na nusu kwa mkono ule ni mlima. Kwa hiyo nimekifungua kizibo. Ndiyo, ulinikataza. Nilitumia patasi ya fundi wa kiwandani na mvuke wa birika, na sijapasua kitu, njoo ukague. Vipande vyote kumi na sita vilikuwemo, pamba imegeuka njano. Sasa ni ganda tupu la gramu mia saba. Mama analilaza mapajani, vidole vya kushoto vimelizunguka, mkono wa kulia unavibana, analibingirisha hadi gotini na kulirudisha. Tabibu wa viungo aliangalia, akasema afadhali hilo kuliko mpira uliomo kwenye pipa. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, na matusi kila mara.

Jana shangazi alikuja na gari. Kabla hajakaa nikamwambia, "Mama hakuteleza. Nilimdondosha." Alifungua mdomo, na mama akamkatiza: "Amesema. Basi." Shangazi akasema ndiyo maana anamchukua. Mama akasema, "Subiri."

Mjomba, nimeacha kumnyanyua. Nimeanza wiki iliyopita, kwa makubaliano yetu wawili. Nasimama nyuma yake, mkono mmoja karibu na mshipi wake, simgusi mpaka aniambie. Jana aliinuka kutoka kitandani hadi kwenye kiti, hatua mbili, kwa dakika kumi na moja. Shangazi mara tatu alitaka kuingilia, nikamzuia kwa bega; walau hilo bega limepata kazi. Gari lake limerudi bila mama. Amesema atakuja tena Septemba kuangalia. Aje.

Vile vipande vya risasi havipo tena hapa. Nimevipima, nimevifunga kwenye boksi la karatasi za kusahihishia, na leo asubuhi kabla ya kazi nimevipeleka posta kwa anwani yako. Vipo kumi na sita, ukihesabu. Mama anasema usithubutu kuvirudisha kwa posta. Uje navyo mkononi, kimoja kila mwezi, ukitie mwenyewe mbele yake. Vikiisha hivyo, ukate vile vinane ulivyobakiza.

Na anasema ukiingia chumbani, ugeuke uangalie nyuma, mlango wa kabati umelegea.

Mpwa wako,
Kiroboto